Usingizi Ukigoma: Tiba Ambayo Arusha Haijaizoea

Mwaka 2017 watafiti walichapisha matokeo ya kazi waliyoifanya kwa Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi, si mbali na Arusha. Watu wazima 33, wake kwa waume, walifungwa mkononi vifaa vidogo vya kupima mwendo wa mwili, na kwa siku 20 ikafuatiliwa nani kalala na nani yu macho. Katika jumla ya saa zaidi ya 200 za usiku, muda ambao wote 33 walikuwa wamelala kwa pamoja haukuzidi dakika 18. Miaka miwili kabla yake, kundi jingine la watafiti lilikuwa limewapima Wahadzabe, Wasani wa Namibia na Watsimane wa Bolivia, likakuta wanalala wastani wa saa 5.7 hadi 7.1 kwa usiku, na wanaolalamikia kukosa usingizi mara kwa mara ni wachache mno.

Anayegaragara kitandani saa nane usiku huko Sakina, Njiro au Usa River, akiamini kwamba mwili wake umeharibika, angefaidika kuyajua haya. Binadamu huamka usiku. Mtu mzima mwenye afya njema hushtuka mara kadhaa kabla ya kupambazuka, na mara nyingi asubuhi hakumbuki. Wala wingi wa saa haupimi kila kitu: yuko alalaye saa sita akaamka mchangamfu, na yuko alalaye saa nane akasinzia kwenye daladala. Madaktari husema mtu ana ukosefu sugu wa usingizi anapotaabika kuupata, au kuushikilia, au anapoamka mapema mno asiweze kuurudia, usiku tatu au zaidi kwa wiki, kwa miezi mitatu au zaidi, ilhali nafasi ya kulala anayo, na mchana wake unaharibika kwa uchovu, hasira za haraka, usahaulifu na makosa kazini. Inakadiriwa kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya kumi duniani yuko katika hali hiyo. Sensa ya 2022 ililikuta Jiji la Arusha na watu zaidi ya 600,000. Kama makadirio hayo yanashika hapa, hata kwa kuhesabu watu wazima peke yao, tunazungumzia makumi ya maelfu ya majirani zetu.

Maneno "ilhali nafasi ya kulala anayo" yana uzito. Mlinzi anayekesha getini kisha akajaribu kulala mchana chini ya bati lenye joto, mchimbaji wa madini, yaani mwanaapolo, anayeshuka shimoni usiku kule Mirerani, dereva wa utalii anayeamka saa tisa usiku msimu mzima wa Juni hadi Oktoba: hawa wamenyimwa muda. Tiba yao imo mikononi mwa anayepanga zamu. Kuwapa vidonge ni kuwasaidia waajiri kuendelea kuwachosha, na dereva mchovu aliyebeba wageni kwenye barabara ya Ngorongoro ni hatari kwa wengi.

Kuna pia wanaokosa usingizi kwa sababu ya mwinuko wa mlima. Jiji liko kwenye mwinuko wa mita kama 1,400, na urefu huo hausumbui usingizi wa mtu. Lakini kibanda cha Miriakamba kwenye Mlima Meru kiko mita 2,514, na kile cha Saddle, ambako wapandaji hujilaza kidogo kabla ya kuanza safari ya kileleni usiku wa manane, kiko mita 3,570. Huko oksijeni ni haba, na pumzi ya aliyelala huenda kwa mawimbi: anahema haraka, anasita sekunde kadhaa, kisha anashtuka. Hali hiyo hupungua mwili unapozoea. Vidonge vya usingizi vya jamii ya diazepamu havipendekezwi mahali hapo, kwa kuwa vinaweza kupunguza msukumo wa kupumua, na kila mwongozaji anapaswa kulijua hilo kama anavyojua njia.

Nirudi kwa walio wengi, wenye kitanda, wenye muda, na bado macho makavu. Mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani, Arthur Spielman, alitoa maelezo ambayo mpaka leo ndiyo msingi wa tiba. Alisema kuna mambo matatu ya kutenganisha: yanayomfanya mtu awe mwepesi wa kupata tatizo, yanayolianzisha, na yanayoliendeleza. La tatu ndilo linalosahauliwa.

Tuchukue mwongoza watalii wa Arusha, mtu wa mfano tu lakini anayefanana na wengi. Kwa asili ni mwepesi wa wasiwasi. Mwaka 2020 corona ikaja. Watalii walioingia Tanzania walishuka kutoka zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019 hadi takriban 620,000. Kazi ikakatika, ada za watoto zikamkodolea macho, usingizi ukakimbia. Hilo lilikuwa jambo la kawaida kwa binadamu aliyepatwa na msiba wa kipato. Kufikia 2023 watalii walikuwa wamepita idadi ya zamani, kazi imerudi, madeni yamepungua. Lakini usingizi haukurudi. Kwa nini? Kwa sababu katika miezi ile alijifunza mambo mapya. Alianza kupanda kitandani saa mbili usiku ili "kuuwahi" usingizi. Alianza kulala mchana kufidia. Alizoea kushika simu kila akishtuka, aone ni saa ngapi na zimebaki ngapi kabla ya kengele. Jioni alianza kuuogopa usiku. Kitanda, ambacho mwili wake ulikijua kuwa mahali pa kulala, kikageuka mahali pa kuhesabu na kusikitika. Chanzo kiliondoka zamani. Kinacholisha tatizo sasa ni zile juhudi zake mwenyewe za kulitatua.

Ndiyo maana siafiki ushauri unaotolewa kila mahali kwamba mtu "apunguze mawazo". Hakuna anayeweza kuyaamuru mawazo yaondoke. Anachoweza kubadili ni anachokitenda.

Mazingira ya jiji hili nayo yana sehemu yake. Kwa hali ya hewa tumebarikiwa: baridi ya Juni na Julai husaidia usingizi, kwani mwili hulala vizuri zaidi joto lake linaposhuka. Tuko takriban nyuzi tatu na nusu kusini mwa ikweta, hivyo jua huchomoza karibu saa ile ile mwaka mzima, na mwanga wa asubuhi ndio unaoipanga saa ya mwili. Kelele ndizo zinazotuponza. Muziki wa baa, vipaza sauti vya mikesha, pikipiki zilizotolewa kizuia sauti. Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira zipo tangu 2015, na mamlaka ya mazingira ina ofisi ya Kanda ya Kaskazini hapa hapa mjini. Mtaa unaoandika malalamiko kwa pamoja, ukipitia kwa mwenyekiti wake, husikilizwa kuliko mtu mmoja anayegombana na mwenye baa saa saba usiku.

Kwenye vinywaji tunajidanganya sana. Kafeini humchukua mtu mzima takriban saa tano kuipunguza nusu, na jaribio lililochapishwa 2013 lilionyesha kwamba dozi kubwa iliyonywewa saa sita kabla ya kulala ilipunguza usingizi kwa zaidi ya saa moja. Tunaishi chini ya mlima uliozungukwa na mashamba ya kahawa, ila kafeini yetu ya jioni zaidi ni chai iliyokolea majani na vinywaji vya kuongeza nguvu vinavyouzwa kila kibanda. Pombe ina hila yake. Mbege au konyagi kabla ya kulala huleta usingizi haraka, halafu usiku wa manane, mwili unapoimaliza, usingizi hukatika vipande vipande. Anayekunywa ili alale huamka saa tisa moyo ukimwenda mbio, na kesho yake huongeza kipimo. Mirungi, ambayo hukamatwa mara kwa mara ikipenya kutoka Kenya ingawa sheria imeipiga marufuku, huchangamsha ubongo moja kwa moja, na wapo madereva wanaotafuna ili wakeshe, kisha wakatafuta vidonge ili walale. Wanaovuta bangi kwa ajili ya usingizi nao hukwama siku wakiiacha, maana usiku wa kwanza bila bangi unaweza kuwa mbaya kuliko ilivyokuwa kabla hawajaanza kuvuta.

Kabla ya kulaumu mazoea, lazima mwili uchunguzwe. Mwenye kisukari kisichodhibitiwa au tezi dume iliyovimba huamshwa na mkojo. Maumivu ya viungo, pumu, kiungulia, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, joto la ghafla la mama anayekaribia ukomo wa hedhi: yote haya hukatiza usingizi na yote yana namna ya kushughulikiwa. Miguu inayowasha na kulazimisha kuchezeshwa kila jioni huweza kuashiria upungufu wa madini ya chuma. Dawa nazo zitazamwe saa za kumezwa. Vidonge vya kupunguza maji mwilini vikimezwa jioni vitamwamsha mtu aende msalani. Prednisoloni ya usiku humfungua macho. Wanaotumia dawa za kufubaza VVU zenye dolutegravir, zilizoanza kutumika kwa wingi nchini kuanzia 2019, na wakaona usingizi umevurugika, waulize kliniki yao kama wanaweza kumeza asubuhi. Wasiache dawa.

Anayekoroma kwa nguvu, pumzi ikakatika mpaka mwenzake anaogopa, kisha mchana anasinzia hata akiwa mazungumzoni, huenda njia yake ya hewa inaziba usiku. Huyo hapaswi kupewa kidonge cha usingizi kabla ya kuchunguzwa. Na anayeamka saa kumi alfajiri kila siku akiwa na huzuni isiyo na jina, asiyetamani chakula wala kazi, yamkini ana sonona, na mpaka sonona yenyewe itibiwe, usingizi peke yake hautatosha. Akifikia kuwaza kujidhuru, asisubiri kuche: apelekwe hospitali usiku huo huo.

Wapo wengine ambao hofu yao ni ya kukabwa. Mtu anafungua macho, mwili haunyanyuki, anahisi uzito kifuani na kivuli chumbani. Wengi wetu tumelelewa tukiambiwa ni jinamizi au mkono wa mchawi, na mtu aliyekabwa mara mbili huanza kuogopa kulala. Kinachotokea ni kwamba akili imeamka kabla ya ulegevu wa ndoto kuondoka kwenye misuli. Hudumu sekunde chache hadi dakika chache, na huwapata zaidi waliochoka, wenye ratiba iliyovurugika na wanaolala chali. Mwenye kusali na asali, sala humtuliza, lakini ajue pia kwamba anapopata usingizi wa kutosha, matukio hayo hupungua.

Sasa vidonge. Njia fupi kuliko zote Arusha, kama ilivyo kote nchini, ni dirisha la duka la dawa: "Dada, naomba za usingizi." Kisheria diazepamu ni dawa ya cheti cha daktari, na inadhibitiwa. Kila anayeuza bila cheti anajua hivyo. Tatizo la diazepamu ni kwamba inafanya kazi, kwa wiki chache. Kisha mwili huizoea, kidonge kimoja hakitoshi, na mtu akijaribu kuacha ghafla usingizi hukimbia mara mbili, mikono hutetemeka, na aliyeitumia kwa wingi na kwa muda mrefu anaweza kupata degedege. Yenyewe na mabaki yake hukaa mwilini kwa siku nyingi, ndiyo maana asubuhi kichwa ni kizito. Kwa mzee huleta kuanguka na kuvunjika nyonga. Ikichanganywa na pombe inaweza kuzima pumzi. Miongozo ya tiba husema isizidi wiki mbili hadi nne, na hata hizo kwa sababu maalumu. Kwa hiyo anayeimeza kwa miaka asiiache leo. Aende kwa daktari apunguziwe polepole, sehemu ndogo kila baada ya wiki kadhaa, na kwa upole, kwa sababu kuzoea dawa uliyopewa dukani si dhambi.

Piriton, ambayo wengi huimeza wakidhani haina neno, ni dawa ya mzio. Usingizi wake ni madhara tu, na hupungua nguvu baada ya siku chache. Kwa wazee huleta kuchanganyikiwa, na kwa mwenye tezi dume inaweza kuziba mkojo kabisa. Kuhusu mizizi na magome yanayouzwa sokoni, ninaloomba ni moja: anayeyatumia amwambie daktari wake, kwa kuwa baadhi yanaweza kugongana na dawa za presha, kifafa au sukari.

Tiba inayotangulia vidonge ni mafunzo ya usingizi yanayobadili tabia na fikra. Chuo cha Madaktari cha Marekani kiliyatangaza kuwa tiba ya kwanza mwaka 2016, na wataalamu wa Ulaya wakafuata 2017. Huchukua takriban wiki nne hadi nane. Kiini chake kinaweza kuelezwa kwenye karatasi moja, ingawa kukitenda kunahitaji mtu wa kukusimamia.

Kwanza mgonjwa anaandika kwenye daftari kwa wiki mbili: kapanda kitandani saa ngapi, anakadiria kalala saa ngapi, kaamka saa ngapi. Tuseme anakaa kitandani saa tisa na anapata usingizi wa saa tano na nusu. Muda wake wa kitandani unapunguzwa uwe huo huo aliolala kweli, na kamwe usipungue saa tano. Kama anapaswa kuamka saa kumi na moja alfajiri, basi haruhusiwi kupanda kitandani kabla ya saa tano na nusu usiku, na anaamka saa ile ile kila siku, Jumapili ikiwemo, hata kama usiku ulikuwa mbaya. Halali mchana. Wiki ya kwanza ni ngumu, na ni haki mgonjwa aambiwe hivyo mapema. Anachoka, anakasirika, anadhani anateswa. Lakini uchovu ule unajenga kiu ya usingizi, na usiku ulio mfupi unajaa. Anapofika mahali pa kulala angalau asilimia 85 ya muda aliopo kitandani, anaongezewa dakika 15, kisha wiki inayofuata nyingine, mpaka mchana wake utengemae.

Pamoja na hilo, kitanda kirudishiwe kazi yake. Kisiwe mahali pa kula, kutazama simu wala kupiga hesabu za duka. Asiyepata usingizi baada ya dakika kama 20 za kukisia, bila kutazama saa, aamke, akae kando kwa mwanga hafifu akifanya jambo la utulivu, na arudi tu macho yanapolemea. Kanuni hii iliwekwa na Richard Bootzin mwaka 1972, na naikubali kwa moyo wote, lakini iliandikwa kwa watu wenye sebule. Huku Unga Limited, Ngarenaro au Daraja Mbili familia nzima inaweza kuwa kwenye chumba kimoja. Huwezi kuwasha taa bila kuwaamsha watoto, na Julai sakafu ni barafu. Katika nyumba ya namna hiyo stuli kwenye kona inatosha, shuka zito mabegani, tochi iliyofunikwa kitambaa au giza tu, rozari, tasbihi au kushona kwa mkono. Kinachotakiwa ni mwili kutoka kitandani, hata kama ni hatua mbili.

Njia hii haiwafai wote kwa kipimo hicho. Mwenye kifafa au ugonjwa wa akili unaopandisha na kushusha hisia anaweza kudhurika kwa kupunguziwa usingizi, na dereva au mwendesha mitambo asianze bila msimamizi, pengine asubiri likizo au msimu wa mvua kazi inapopoa.

Nani atafundisha? Hapa ndipo penye pengo. Ukiingia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru, hospitali ya Kilutheri ya ALMC, Selian kule Ngaramtoni, au ukaenda KCMC Moshi kwa rufaa, utakutana na madaktari wanaojua usingizi. Lakini mabingwa wa afya ya akili nchini ni wachache mno kwa taifa ambalo sensa ya 2022 ililikuta na watu zaidi ya milioni 61, na daktari mwenye foleni ndefu hawezi kukaa na daftari la mgonjwa wiki sita. Ataandika kidonge, na simlaumu.

Uingereza wamelijibu swali hilo. Utafiti uliochapishwa 2023 ulihusisha watu 642 kutoka kliniki za kawaida, na waliofundisha kupunguza muda wa kitandani walikuwa wauguzi waliopewa mafunzo mafupi, kwa vikao vinne tu, viwili vikiwa vya simu. Waliofundishwa walipata nafuu iliyoonekana wazi hata miezi sita baadaye. Karibu nasi, Zimbabwe imewatumia bibi wa mitaani tangu 2006 kuwasikiliza wenye sonona na wasiwasi kwenye benchi nje ya zahanati, na jaribio lililochapishwa 2016 lilithibitisha kwamba wanasaidia. Tanzania ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii mwanzoni mwa 2024. Arusha na Arumeru kuna wauguzi ambao tayari wanajua kumfuatilia mwenye presha mwezi kwa mwezi. Kumfuatilia mwenye daftari la usingizi si kazi ngumu kuliko hiyo, na haihitaji mashine, maabara wala dawa ya kuagizwa nje.

Ninaomba waganga wakuu wa Jiji la Arusha na wa halmashauri za Wilaya ya Arumeru waanze na kituo kimoja cha afya kila mmoja: wauguzi wawili, siku chache za mafunzo, karatasi ya daftari iliyochapwa kwa Kiswahili. Na wewe uliyesoma haya ukiwa na miezi ya kukesha, anza daftari usiku wa leo, andika kwa wiki mbili, kisha ulipeleke kliniki pamoja na orodha ya kila kidonge, kinywaji na mzizi unaotumia. Ukipewa cheti cha vidonge, muulize daktari ni vya siku ngapi na utaviachaje.